Bolti ya Mauser au bolti ya kusukuma: mkono wako hukosea wapi?

Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji mwaka 1977, watu wanaouliza habari za bunduki za kuwindia hapa Mombasa wamebaki wa aina chache. Kuna mfugaji mwenye shamba lake huko Taita Taveta au bara ya Kwale, ana cheti chake cha silaha na fisi wanaomsumbua. Kuna anayependa kulenga shabaha. Na kuna yule anayevuka Lunga Lunga kwenda Tanzania, ambako vitalu vya uwindaji bado vipo kwa mujibu wa sheria, akiwa na vibali vya pande zote mbili mkononi. Hawa wote, wakishachoka kubishana juu ya kaliba, yaani ukubwa wa risasi, huishia kwenye swali moja: wachukue bunduki inayoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini (kisanduku cha kuwekea risasi), mtindo wa Mauser, au ile inayoisukuma tu mpaka ndani ya chemba (nyuma ya mtutu, risasi inapokaa ikifyatuliwa), mtindo wa Remington 700?

Majibu mengi utakayopewa ni ya ushabiki. Mmoja atakuapia kwamba Mauser haikwami. Mwingine atakucheka kwamba unataka chuma cha babu yako. Nionavyo mimi, mitindo hii miwili husamehe makosa tofauti ya mkono. Mmoja humsamehe anayesita akiwa anaipeleka mbele bolti, ile nondo yenye mpini inayoingiza risasi na kutoa ganda, mwingine humsamehe anayesita akiwa anaivuta nyuma. Ukijua mkono wako hukosea upande gani, na ukajua mnyama aliye mbele yako atakupa muda kiasi gani wa kurekebisha, uamuzi unakuwa mwepesi zaidi kuliko kuhesabu sifa za kiwanda.

Kinachotokea ndani

Tuanze na Mauser, maana ndiyo mama wa nyingi. Paul Mauser wa Oberndorf, Ujerumani, alianza kutumia ukucha mrefu usiozunguka katika bunduki zake za mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1898 jeshi la Ujerumani likaipokea ile iliyokamilika, Gewehr 98. Ukucha huo ni kipande kirefu cha chuma cha springi kilicholala ubavuni mwa bolti, kikiwa kimefungwa kwa pete. Bolti ikizunguka ili kufunga, ukucha unabaki pale pale. Uso wa bolti upande wa chini uko wazi, kwa hiyo risasi inapopanda kutoka kwenye magazini kitako chake huteleza juu ya uso huo na kuingia chini ya ukucha kabla kichwa hakijazama chemba. Kuanzia hapo risasi iko mkononi mwa bolti. Inakwenda inakopelekwa, na bolti ikirudi nayo inarudi.

Upande wa pili wa kazi ni kulitupa ganda nje. Mauser hutumia kirushio kisichocheza, yaani kijibapa kilichokaa nyuma kushoto, ndani ya kile kisanduku kinachoizuia bolti isichomoke. Kijibapa hicho hukaa kimya mpaka bolti ifike karibu na mwisho wa safari yake ya nyuma. Hapo hupenya kwenye mkato wa jino la kushoto la bolti (moja ya yale yanayoifunga), hukigonga kitako cha ganda, na ganda huruka kulia. Ukivuta kwa nguvu linaruka mbali. Ukivuta taratibu linaanguka pembeni mwa kidole chako.

Bolti ya kusukuma inafikiri kinyume. Uso wake umezungukwa na ukingo wa chuma, na risasi husukumwa kwa kitako tu. Ikishaachiwa na midomo ya magazini haishikwi na kitu, inateleza kuelekea chemba kwa msukumo na kwa kuongozwa na mteremko wa kulishia. Ukucha wake ni mdogo, umefichwa ndani ya ukingo ule au kwenye jino la bolti, na huruka juu ya ukingo wa ganda na kuuma pale tu bolti inapofika mwisho. Kirushio chake ni pini yenye springi iliyozikwa kwenye uso wa bolti. Pini hiyo inalisukuma ganda muda wote, na mdomo wa ganda ukipata tu nafasi kwenye dirisha la bunduki, linaruka lenyewe.

Remington waliutoa muundo huu kwenye 721 na 722 mwaka 1948, kisha 700 mwaka 1962, na wakafaulu mno. Sababu mojawapo ni urahisi wa kutengeneza: ukucha mdogo na tundu la pini havihitaji kazi ya mashine kama ile ya Mauser. Sababu nyingine ni usalama. Ukingo unaokizingira kitako cha risasi hulipa ganda ukuta wa chuma, na ganda likipasuka gesi hupata njia ndogo zaidi ya kumfikia mpigaji. Mauser hutegemea zaidi pete ya ndani ya risiva (mwili wa bunduki unaobeba bolti), matundu ya kutolea gesi kwenye bolti, na kile kikingo cha nyuma kinachoelekeza gesi mbali na jicho. Zote mbili ni kinga nzuri, ila anayependa kujaza baruti risasi zake mwenyewe, kwa vile makosa ya kupima hutokea, ana haki ya kuupenda ule ukingo.

Kusita ukienda mbele

Tazama kwa karibu. Mwindaji amefyatua, nyati amejeruhiwa na bado amesimama. Bolti inavutwa, ganda linaruka, bolti inasukumwa. Risasi ya pili imeshaingia chemba, lakini kabla hajaukunja mpini chini kitu kinamshtua: tawi limemgonga kiwiko, au hakuisikia vizuri risasi ikipanda akadhani haikupanda. Anavuta tena.

Kwenye Mauser risasi ile iko chini ya ukucha, basi inarudi na bolti na kutupwa majanini ikiwa nzima. Hasara ni risasi moja. Anasukuma, nyingine inapanda.

Kwenye bolti ya kusukuma, ukucha ulikuwa haujauma. Bolti inarudi mikono mitupu na risasi inabaki chemba. Bolti inachukua risasi ya tatu kutoka kwenye magazini na kuipeleka mbele mpaka kichwa chake kinagonga kitako cha ile ya pili. Sasa kuna risasi mbili mahali pa moja, bolti haifungi, na ncha ya risasi ya nyuma inaelekea kwenye fataki (kiwashio cha baruti) ya mwenzake, jambo ambalo mtu mwenye akili hataki kulilazimisha kwa kiganja. Dawa yake ni kuvuta bolti, kuichomoa risasi ya nyuma kwa vidole, kisha kuifunga bolti kabisa juu ya ile iliyo chemba. Mezani ni kazi ya kitoto. Porini, jasho likiingia machoni, vidole vinatafuta risasi ndani ya dirisha lililofunikwa na darubini.

Hili ndilo kosa ambalo watu wa Mauser hulitaja kila mara, na wana haki. Kuna jingine wasilopenda kulitaja.

Kusita ukirudi nyuma

Ami yangu aliwabebea wageni bunduki kwenye vitalu vya pembezoni mwa Tsavo kabla ya marufuku ya 1977. Nilipomuuliza, "Ami, wale wageni walikuwa wakikosea wapi hasa?" alicheka kwanza.

"Mbele hawakosei sana, mwanangu. Hofu humsukuma mtu mbele. Hukosea nyuma. Mkono ukiogopa huwa mfupi."

Mkono mfupi maana yake bolti haikufika mwisho wa safari yake ya nyuma. Kumbuka kwamba kijibapa cha Mauser kinagusa ganda mwishoni kabisa. Bolti ikiishia sentimita moja kabla ya hapo, ganda tupu bado limeng'ang'ania ukucha. Ukisukuma mbele, ama ganda lile lile linarudi chemba na unafyatua ukasikia "tak" kavu, ama bolti ilikuwa imerudi kiasi cha kuichukua risasi mpya na sasa ganda tupu na risasi mpya vinagombania mlango mmoja. Kwenye bunduki ya .375 H&H, ambayo risasi yake ina urefu wa kama milimita 91, safari ya bolti ni ndefu. Aliyezoea bunduki fupi ya .308 anaweza kuukosa ule mwisho bila kujua.

Pini yenye springi hapa inashinda. Ganda linaruka mara tu mdomo wake unapouona mwanga, hata kama bolti haijagonga kizuizi. Mkono ukiwa mfupi kidogo, ganda limeshatoka na huenda risasi mpya imeshapatikana, na mpigaji hatajua kamwe kwamba alikosea. Mkono ukiwa mfupi zaidi, ganda litatoka lakini bolti itafunga juu ya chemba tupu. Hiyo nayo ni "tak" kavu, walakini hakuna kilichokwama.

Kwa hiyo tukihesabu makosa tu, wala sioni Mauser ikishinda wazi. Ninachoipendea kwa mnyama wa hatari ni jambo jingine: dawa ya makosa yake yote mawili ni harakati ile ile. Umesita mbele? Vuta mpaka mwisho, sukuma mpaka mwisho. Umesita nyuma na ganda limebaki? Vuta mpaka mwisho, sukuma mpaka mwisho. Mkono hauhitaji kufikiri. Bolti ya kusukuma ikishapata risasi mbili, dawa ni kinyume cha kile ambacho mkono wenye hofu unataka kufanya. Unataka kuvuta na kusukuma, na kila ukivuta na kusukuma unalisokota tatizo.

Lakini kwa swala aliyesimama mita 150, au fisi aliye nje ya zizi, sioni kwa nini mtu alipie zaidi kwa sababu hii peke yake.

Ile hadithi ya juu chini

Mashabiki wa Mauser hupenda kuigeuza bunduki miguu juu na kuilisha risasi ikiwa hivyo, wakionyesha kwamba yao inaweza na nyingine haiwezi. Nyingi za kusukuma zinaweza vilevile, ukisukuma kwa kasi. Tofauti huonekana ukisukuma taratibu, kwa mfano unapotaka kukoki bila kelele ukiwa karibu na mnyama. Hapo risasi isiyoshikwa inaweza kupoteza njia, hasa ukiwa umeinamisha bunduki ubavu. Anayewinda kwa kunyemelea huihitaji faida hiyo mara nyingi kuliko anayetarajia kupiga akiwa kichwa chini.

Ganda likigoma kutoka

Hapa pwani lina uzito wake. Mchana wa Februari, gari limefungwa vioo, foleni ya kivuko cha Likoni haisogei, na sanduku la risasi liko nyuma ya kiti cha dereva. Baruti iliyopata joto kali huungua kwa shinikizo kubwa zaidi kuliko ile iliyopimwa kwenye baridi ya Ulaya. Shinikizo likizidi, ganda la shaba hutanuka na kushika kuta za chemba. Ongeza kutu kidogo ya chumvi ndani ya chemba, na ganda limegandia.

Waingereza walilijua jambo hili zamani. .416 Rigby ya mwaka 1911 ina ganda kubwa kuliko baruti inayohitaji, ili shinikizo libaki chini hata nchi za joto. .375 H&H ya mwaka 1912 ina mwili uliochongoka sana, na mchongoko huo unasaidia pande mbili: risasi huingia chemba kama imepakwa mafuta, na ganda likisogea nyuma hata kidogo tu linakuwa limeshaachana na kuta. Ukiwa unachagua bunduki ya kwenda nayo Tanzania, umbo la risasi lina sauti katika suala la kulisha na kutoa sawa na mtindo wa bolti. Risasi nyingi za kisasa, zenye ubavu ulionyooka na bega kali, hutoa kasi nzuri lakini hudai midomo ya magazini na mteremko vilivyotengenezwa kwa uangalifu zaidi.

Kuhusu ukucha wenyewe: ule wa Mauser hushika sehemu pana ya ukingo wa ganda, wakati ule mdogo wa kusukuma hushika ncha tu. Ganda likigandia kweli kweli, ukucha mdogo unaweza kuurarua ukingo wa shaba ukaruka na kuliacha ganda ndani. Mpana nao unaweza kuurarua, ila utatumia nguvu nyingi zaidi kufika huko. Watengenezaji wa bunduki za kusukuma wanalijua hili, ndiyo sababu mafundi wengi wa Marekani huuondoa ukucha wa kiwandani wa Remington 700 na kuweka ule wa mtindo wa Sako, unaoteleza ndani ya jino la bolti na kushika sehemu kubwa zaidi. Kazi hiyo inahitaji fundi mwenye mashine na leseni. Usimpe mtu wa karakana ya pikipiki.

Wala usisahau kwamba hatua ya kwanza ya kulitoa ganda haifanywi na ukucha. Hufanywa na ule mteremko ulio nyuma, mahali ambapo mpini wa bolti unakutana na risiva: ukiinua mpini, bolti yote inarudi nyuma kidogo kwa nguvu ya mzunguko na kulibandua ganda. Bunduki ambayo mpini wake ulichomelewa vibaya, ukakaa mbele au nyuma ya mahali pake, inaipoteza nguvu hiyo hata ukucha uwe mpana kama koleo.

Chumvi, na lile tundu dogo

Hewa ya Mombasa haichagui. Kisu cha jikoni kinashika kutu, sembuse bolti. Mauser ina vipande vikubwa vilivyo wazi. Unauona ukucha, unaweza kupitisha kitambaa chini yake, unaweza hata kuchomoa kijibapa ukaangalia springi yake bapa. Pini ya bolti ya kusukuma imo ndani ya tundu lenye kipenyo kidogo, na tundu hilo hupokea kila kitu: mafuta yaliyoganda, vumbi jekundu la Voi, unga wa shaba unaokwaruzwa kwenye makalio ya risasi. Kwa nje bunduki inang'aa. Ndani ya tundu springi imevaa kutu na pini inarudi taratibu kama mlango wenye bawaba chafu. Siku moja ganda linaanguka ndani ya magazini badala ya kuruka nje.

Kuiangalia ni rahisi. Toa bolti, ibonyeze pini kwa ncha ya mti mgumu, iachie. Inapaswa kuruka kwa ghafla. Ikijikokota, mpelekee fundi aitoe, kwa kuwa imefungwa kwa kijipini cha pembeni na springi yake inaweza kukurukia usoni. Mtu anayekaa Nyali au Likoni, upepo wa bahari ukimwingilia dirishani mwaka mzima, aliangalie tundu hilo mara kwa mara, hata kama bunduki haijatoka kwenye sefu.

Mambo madogo, ila yana wenyewe

Risasi moja moja. Kwenye kulenga shabaha watu wengi hutupa risasi dirishani kwa mkono na kufunga. Bolti ya kusukuma inalipenda hilo. Mauser halisi hailipendi: ukucha wake ulitengenezwa ili risasi iingie kutoka chini, na ukiulazimisha uruke juu ya ukingo wa ganda lililo chemba unaweza kuupasua. Viwanda na mafundi wengi leo huuchonga mbele ili uweze kuruka, lakini uliza kabla hujajaribu. Ukiwa na Mauser ya zamani, bonyeza risasi ndani ya magazini kwanza, hata kama ni moja.

Kuokota maganda. Anayejaza risasi zake mwenyewe atakipenda kijibapa, kwa vile ganda litaanguka karibu na mkono wake. Pini hulitupa ganda kwa nguvu ile ile, uwe na haraka usiwe nayo, na mara nyingine hulikunja mdomo kwenye ukingo wa dirisha. Pia pini huilalia risasi upande mmoja ndani ya chemba. Wapiga shabaha wakali sana huichukia kwa hilo. Mwindaji hataiona tofauti.

Darubini. Kirushio kikiwa kushoto, ganda huruka kulia na halina ugomvi na mtu. Baadhi ya bunduki za kisasa zenye kirushio kisichocheza zimekiweka chini, kwenye sakafu ya risiva, na hapo ganda huruka juu zaidi. Ukifunga darubini yenye vifundo vikubwa kwa kimo cha chini, ganda linaweza kugonga kifundo cha kulia na kurudi ndani. Jaribu na darubini utakayoitumia ikiwa imeshafungwa.

Zinazokaa katikati

Ukucha mrefu haumaanishi Mauser. Ruger M77 ilipotoka mwaka 1968 ilikuwa na ukucha mrefu wa kuvutia macho, lakini ilikuwa na kirushio cha pini na kwa kawaida ilisukuma. Baadaye toleo la Mark II likapata kijibapa na kushika risasi kikweli. Anayenunua iliyotumika aangalie uso wa bolti: upande wa chini uko wazi au una ukingo?

Winchester 70 nayo ina hadithi mbili. Ilizaliwa mwaka 1936 ikiwa na ukucha mrefu, na mwaka 1964 kiwanda kikabadilisha kikaifanya ya kusukuma ili kupunguza gharama. Wanunuzi hawakusamehe. Zile za kabla ya 1964 zikapanda thamani, na miaka ya 1990 mtindo wa zamani ukarudishwa. Bunduki mbili zenye jina moja kwenye mtutu zinaweza kuwa tofauti kabisa ndani.

CZ 550 ya Cheki, na dada yake wa zamani Brno 602, ni za ukoo wa Mauser, na zina risiva ndefu ya kutosha kwa .375 na .416. Ni nzito, na zilipotoka kiwandani mara nyingi zilihitaji kusuguliwa kidogo ndani ili zilishe kwa ulaini, lakini chuma chake ni cha kazi.

Lee-Enfield ya .303 iko peke yake. Wazee wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza hapa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, waliijua kuliko visu vyao. Kichwa cha bolti yake hakizunguki, risasi yake ina ukingo uliotokeza, na magazini hubeba kumi. Inakoki haraka kuliko Mauser kwa sababu mpini husafiri kidogo. Udhaifu wake uko kwenye ule ukingo: ukizipanga risasi vibaya, ukingo wa ile ya juu ukakaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, zinashikana na hakuna bolti itakayozitenganisha. Ni bunduki nzuri ya swala. Kwa wanyama wakubwa kaliba yenyewe haitoshi, kwa hiyo mjadala wa bolti haupo.

Tahadhari moja kuhusu Mauser za kijeshi zilizogeuzwa. Risiva ya kawaida ya 98 haikuundwa kwa urefu wa .375 H&H. Ili iingie, fundi hulazimika kula chuma cha mbele na nyuma ya magazini, na chuma cha mbele ndicho kinachokaa nyuma ya jino la chini la bolti. Zipo zilizofanywa kwa ustadi mkubwa. Zipo ambazo zimechongwa na mtu mwenye haraka. Rigby, watengenezaji wa bunduki wa Uingereza, walizitumia risiva ndefu za Mauser kwa sababu hiyo hiyo. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909, Springfield yake ya 1903, bunduki ambayo Marekani ililazimika kumlipa Mauser kwa kuiga muundo wake, ilikuwa ya .30-06, saizi inayokaa kwenye risiva ya urefu wa kawaida.

Nani achukue ipi

Mfugaji wa Taveta anayetaka bunduki ya kukaa kwenye gari, kupigwa vumbi na kutumika mara chache: achukue ya kusukuma iliyo nyepesi, yenye magazini ya kuchomoka, mradi aahidi kulisafisha lile tundu. Howa 1500 au Tikka T3 zitamtosha, na pesa zitakazobaki anunulie darubini nzuri.

Mpiga shabaha: ya kusukuma, bila mjadala.

Anayekwenda Tanzania kwa swala, pofu na wengine wa namna hiyo: yoyote aliyoizoea. Mazoea yanashinda mtindo.

Anayekwenda kwa nyati, huyu ndiye ningemwambia atafute ukucha mrefu na kijibapa, kaliba ya .375 kwenda juu, na afanye mazoezi ya kuivuta bolti mpaka igonge. Aigonge kweli, asiibembeleze. Mwenye bunduki ya kusukuma na ameshawinda nayo miaka asiiuze kwa sababu ya maneno yangu wala ya mwingine. Ajifunze kitu kimoja tu, kwamba risasi ikishaingia chemba mpini lazima ukunjwe chini kabla ya kuvuta tena, hata kama ana hakika hataifyatua.

Kabla hujalipa

Omba risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, za kaliba hiyo hiyo na za umbo la kichwa utakachotumia. Muuzaji mwenye leseni anazo. Hakikisha chemba ni tupu, elekeza mtutu mahali salama, jaza magazini yote. Lisha kwa kasi, kisha taratibu sana, kisha bunduki ikiwa imelala kulia, kisha kushoto. Risasi ya kwanza na ya mwisho ndizo zinazotoa siri: ya kwanza kwa sababu springi imebanwa, ya mwisho kwa sababu kibao cha magazini kinapanda peke yake na huweza kuiacha risasi ikiinamisha pua.

Kwa Mauser, toa bolti na uteleze risasi bandia chini ya ukucha kutoka chini. Itikise kidogo. Ikidondoka, ukucha umelegea. Ikihitaji kugongwa ili iingie, umekaza mno na utakuletea shida ya kulisha. Kwa ya kusukuma, bonyeza pini kama nilivyoeleza, kisha fanya lile kosa la mbele makusudi: sukuma risasi chemba bila kukunja mpini, vuta, uone kinachotokea, na ujifunze kukitoa ukiwa dukani chini ya feni. Kwa zote mbili, vuta bolti nusu, robo tatu, na mpaka mwisho, ukitazama ganda linaondoka wapi. Ukimaliza mara kadhaa utakuwa umeshaujua mkono wako, na muuzaji atakuwa ameshakuletea kahawa.